Alfajiri, jioni au usiku: ufanye mazoezi saa ngapi ndipo ulale vizuri?

Mwaka wangu wa kwanza Dodoma nilikuwa nanyanyua vyuma usiku. Nikitoka kazini Mtumba nafika nyumbani Nzuguni, nakula kidogo, najinyoosha kwenye kochi, halafu saa 2:30 naingia jimu mpaka saa 4 kasoro robo. Mwili ulijengeka, hilo silikatai. Tatizo lilikuwa kitandani. Saa 5 nikijilaza ubavu, sikio likishagusa mto naanza kusikia moyo wangu unadunda humo ndani, kama mtu anayetwanga nyumba ya jirani. Ilikuwa mwezi wa kumi. Nikiweka kiganja ukutani, tofali bado lina joto la jua la mchana. Saa 6 inanikuta macho. Saa 7 inanikuta najigeuza. Kengele ya saa 11:30 ikilia, ndiyo kwanza lepe la usingizi limenipitia.

Nikaona dawa ni kuhamia alfajiri. Nina jirani, mama mtu mzima, mwenyeji wa huku huku Ugogoni, ambaye geti lake hulia kila siku kabla hakujapambazuka akienda kutembea. Nikamwomba tuwe tunaongozana.

"Karibu, mwanangu. Lakini wewe unalala saa ngapi?"

"Saa 6, saa 7, mama. Inategemea."

"Mimi saa 3 nimeshalala. Unataka kuniiga kuamka, mbona kulala huniigi?"

Swali hilo limenikaa kichwani tangu siku hiyo. Wengi wetu tunauliza "asubuhi au jioni?" na tunasahau kutaja saa tunayolala, wakati hesabu yote inaanzia hapo. Kwa hiyo nalinganisha nyakati tatu ambazo watu wa hapa mjini wanazitumia: alfajiri, kati ya saa 11 na saa 12:30, jioni ya mapema, kati ya saa 10:30 na saa 12:45, na usiku, kati ya saa 2 na saa 4. Kila moja nitaipima kwa vitu vinne vilevile.

Vipimo vyenyewe

Cha kwanza ni usingizi, na hiki nitakieleza zaidi kwa sababu ndicho kilichotuleta hapa. Joto la ndani la mwili halikai palepale saa zote. Hupanda mchana, hufika kileleni jioni, kisha huanza kushuka usiku, na hufika chini kabisa karibu na alfajiri. Tofauti ya kilele na chini ni kama nyuzi 1 tu, lakini mwili unaitegemea: usingizi huja vizuri joto likiwa linashuka. Mazoezi makali hulipandisha joto hilo, huongeza mapigo ya moyo na kumwaga adrenalini, homoni inayouamsha mwili, kwenye damu. Vyote hivyo hutulia, ila vinahitaji muda.

Jambo la pili kuhusu usingizi ni mpangilio wake. Usingizi mzito, ule ambao hata ukiitwa huitiki, umejaa zaidi sehemu ya kwanza ya usiku. Usingizi wa ndoto huongezeka kadiri alfajiri inavyokaribia. Ukichelewa kulala huku kengele iko palepale, au ukiwahi kuamka huku umelala saa ileile, mkato unaangukia sehemu moja: mkia wa usiku, zilipo ndoto. Ndiyo maana anayejisifu kwamba ameacha mazoezi ya usiku na sasa anaamka saa 10:30, bila kubadili saa ya kulala, huenda hajapata nafuu yoyote. Mtu mzima anahitaji angalau saa 7 za usingizi.

Kipimo cha pili ni joto na hewa ya Dodoma, ambayo si ya Dar es Salaam wala ya Arusha. Cha tatu ni njia na usalama. Cha nne ni ratiba ya nyumbani na kazini, maana zoezi lisilodumu halimsaidii mtu.

Nitasema mara nyingi "zoezi la wastani" na "zoezi kali". Njia rahisi ya kuyatofautisha: kwenye la wastani unaweza kuongea na mwenzako ila huwezi kuimba, kwenye kali unatoa maneno mawili matatu unakata, unahema. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za wastani kwa wiki, au 75 hadi 150 za makali, pamoja na siku 2 za kujenga misuli. Dakika hizo zinahesabika saa yoyote utakayozifanya.

Alfajiri

Usingizi. Zoezi la alfajiri haliugusi usiku unaofuata kwa ubaya; hadi uje ulale, moyo umetulia zamani. Tena mwanga wa asubuhi husaidia kuiweka sawa saa ya mwili, kiasi kwamba jioni macho yanawahi kuwa mazito. Hapa Dodoma kuna jambo la kuangalia: Novemba jua linachomoza kama saa 12:10, lakini Julai linachelewa hadi saa 12:50 hivi. Ukikimbia saa 11 hadi saa 12 mwezi wa saba, umekimbia gizani mwanzo mwisho na mwanga huo hujaupata. Ukirudi, kunywa chai yako nje.

Bei ya alfajiri inalipwa usiku uliotangulia. Ukiamka saa 10:45 na unataka saa 7 kamili, saa 3:45 usiku uwe umeshazama, si kwamba ndiyo unaitafuta shuka. Maana yake taarifa ya habari ya saa 2 ikiisha, unaanza kufunga siku. Ni wangapi nyumbani kwetu tunaweza hilo? Wapo, ila wajipime kwa ukweli.

Joto na hewa. Hapa alfajiri haina mpinzani mwezi wa kumi na wa kumi na moja, maana ndiyo saa pekee hewa imepoa kweli. Juni na Julai ni kinyume: baridi hushuka hadi nyuzi 13 au 14, upepo unakata masikio, na misuli inaamka imekaza. Pasha mwili moto kwa dakika 10 kabla ya kuongeza kasi. Mwenye shinikizo la damu au moyo aanze taratibu zaidi na azungumze na daktari wake kwanza, kwa kuwa saa za asubuhi ndizo ambazo mashambulio ya moyo hutokea zaidi.

Njia na usalama. Giza, mbwa wa mitaani, na bodaboda zinazopita bila taa. Wanaokimbia kandokando ya barabara ya Dar wanajua lori linavyokupita likakutikisa. Vaa nguo inayong'aa, kimbia ukitazamana na magari, na kama ni mwanamke usitoke peke yako. Vikundi vya mchakamchaka vipo, na nyimbo zao zinasikika mtaa mzima, kwa hiyo kuvipata si kazi.

Ratiba. Hakuna bosi anayekupigia saa 11 alfajiri. Kikao hakirefuki. Mgeni habishi hodi. Hilo ndilo linalofanya watu wa alfajiri wadumu miaka. Ila mzazi ambaye basi la shule linampitia mtoto saa 12 kasoro, naye ndiye anayeandaa uji na kufunga tai, hana alfajiri ya kwake mpaka mwenzake ndani ya nyumba ashike zamu.

Inamfaa anayelala mapema bila kujilazimisha, mtu mzima wa umri ambaye usingizi unamwacha saa 10 hata asipopenda, na yeyote ambaye jioni zake hazitabiriki.

Jioni ya mapema

Usingizi. Kwa usingizi peke yake, huu ndio wakati unaosamehe makosa mengi. Joto la mwili liko karibu na kilele, misuli imelainika, na nguvu nyingi za mtu huwa juu mwishoni mwa mchana. Vyuma vinavyokulemea asubuhi, jioni vinanyanyuka. Ukimaliza saa 12:30 na ukalala saa 4, umeupa mwili muda wa saa tatu na nusu kutulia. Joto ulilolipandisha linashuka pamoja na lile la kawaida la usiku, na ukifika kitandani mteremko umeshaanza.

Tahadhari moja: chai kali, kahawa au kinywaji cha kuongeza nguvu saa 11 "ili nipate mzuka wa mazoezi". Kafeini huchukua kama saa 5 kupungua nusu. Wengi wanalaumu mazoezi ya jioni kwa usingizi ulioibwa na kopo.

Joto na hewa. Kuanzia Septemba hadi mvua za Desemba, jua la saa 10:30 Dodoma linachoma bado. Sogeza mwanzo hadi saa 11:30 ikibidi, na unywe maji tangu mchana badala ya kubugia lita moja baada ya mazoezi, kwa kuwa hayo ya mwisho yatakuamsha kwenda msalani. Agosti na Septemba upepo wa mchana unabeba vumbi, na mwenye pumu au mafua ya aleji atalijua usiku huohuo: pua imeziba, analala mdomo wazi. Siku za vumbi, kaa ndani ya ukuta, uruke kamba.

Njia na usalama. Mwanga upo na watu wapo. Jua linazama kati ya saa 12:25 na saa 1 kamili kutegemea mwezi, hivyo una nafasi ya kutosha. Barabara za ndani za Chuo Kikuu cha Dodoma zina vilima vizuri vya kupima pumzi, na mitaa ya Area D na Kisasa saa hizo unawakuta watu wengi wenye raba miguuni. Kero ni magari ya waliotoka kazini.

Ratiba. Hapa ndipo jioni inapochechemea. Kwenye karatasi, mtumishi wa serikali anatoka saa 9:30, kwa hiyo jioni ni yake. Kwenye maisha, kuna faili la mwisho, kuna daladala iliyojaa kutoka Mtumba, kuna msiba, kuna kikao cha harusi. Mfanyabiashara wa soko la Majengo saa 11 jioni ndiyo saa ya wateja. Hawezi kufunga meza akaruke kamba. Anayepika chakula cha usiku naye anajua sufuria haingoji. Na Mwislamu anayeswali jamaa atapanga zoezi lake lizunguke magharibi, ama amalize kabla ama agawe mara mbili. Miadi ya jioni ndiyo inayovunjwa kuliko zote.

Inamfaa mwanafunzi, mtumishi ambaye ofisi yake inatoka kwa wakati, anayejenga misuli au kucheza mpira kwa nguvu, na mtu ambaye usingizi wake ni mwepesi na hataki kuujaribu.

Usiku

Usingizi. Kwa miaka mingi tuliambiwa kwa ujumla kwamba mazoezi ya usiku yanafukuza usingizi. Watafiti wa Zürich, Uswisi, walikusanya tafiti 23 na mwaka 2018 wakatoa jibu lililowashangaza wengi: kwa jumla, mazoezi ya jioni na usiku hayakuharibu usingizi wa watu wazima wenye afya, na usingizi mzito uliongezeka kidogo. Penye shida palikuwa mahali pamoja tu: zoezi kali linaloisha chini ya saa moja kabla ya kulala. Hao walichelewa kuzama na walilala muda mfupi zaidi.

Mwaka 2025 ukaja utafiti mkubwa ulioongozwa na watu wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia, uliofuatilia karibu watu 14,700 kwa vifaa vya kuvaa mkononi, usiku baada ya usiku kwa mwaka mzima. Huo ulikuwa mkali zaidi: kadiri zoezi lilivyokuwa zito na lilivyosogea karibu na kitanda, ndivyo watu walivyochelewa kulala, wakalala kidogo, na moyo ukawaenda mbio usiku. Walioacha pengo la saa 4 au zaidi hawakuonyesha madhara hayo.

Mimi sioni kama zinagombana. Zote zinataja ukali na pengo. Kutembea saa 3 usiku na kunyanyua vyuma saa 3 usiku si jambo moja, na mtu anayelala saa 7 usiku kwa kazi yake si sawa na anayelala saa 4. Moyo wangu uliokuwa unatwanga ndani ya mto wa kulalia ulikuwa na hesabu rahisi: nilimaliza saa 4 kasoro robo, nikalala saa 5, na nusu saa ya mwisho ndiyo niliyokuwa nafanya yale mazito. Jimu yenyewe ina taa nyeupe kama mchana na muziki unaotikisa vioo, vitu ambavyo navyo vinauambia ubongo kwamba usiku bado.

Joto na hewa. Nje kumepoa na vumbi limelala. Ndani ni hadithi nyingine. Nyumba zetu nyingi za tofali hunyonya jua mchana kutwa na kulitema usiku, na Oktoba chumba kinaweza kuwa na fukuto hadi saa 5. Mwili wenye joto la mazoezi ukiingia kwenye chumba chenye joto la ukuta, hauna pa kulipeleka. Fungua madirisha mapema, lala chini ya chandarua, feni ikiwepo iwashe. Julai tatizo hili halipo kabisa.

Njia na usalama. Ndani ya jimu au uani kwako, hakuna neno. Barabarani, mambo yaleyale ya alfajiri, pamoja na mbu.

Ratiba. Kwa mama lishe anayefunga saa 1:30, kwa fundi anayerudi saa 2, kwa mzazi anayepata utulivu watoto wakishalala, usiku ndio muda uliopo. Kumwambia "acha, utakosa usingizi" ni kumwambia aache mazoezi kabisa. Chakula ndicho kinachotaka akili. Ukila ugali wa kushiba kabla, utakimbia nao tumboni. Ukila baada, utalala nao kifuani. Kula kidogo kabla, kisha baada ya zoezi chukua kitu chepesi, mtindi au uji, uishie hapo.

Anayetumia insulini aongeze umakini: sukari inaweza kushuka saa kadhaa baada ya zoezi la usiku, akiwa usingizini. Apime kabla ya kulala na apange na daktari wake.

Inamfaa anayelala saa 6 au baadaye kwa mpango wake wa maisha, na yeyote anayeridhika na zoezi la wastani: kutembea, kunyoosha viungo.

Uchague vipi

Chukua saa ambayo kweli unalala, siyo unayotamani. Hesabu kurudi nyuma muda wa saa 4. Kabla ya hapo, fanya kali unavyotaka. Kati ya saa 4 na saa moja kabla ya kulala, kaa kwenye wastani, au fanya kali ukijichunguza. Ndani ya saa moja ya mwisho, kunyoosha viungo na kupumua tu.

Kama unalala saa 4 na kazi inakuachia saa 10, jioni ya mapema iko wazi kwako. Weka makali yote hapo.

Kama unalala saa 4 lakini unafika nyumbani saa 2, gawa wiki. Siku za kazi tembea dakika 30 baada ya chakula, makali yasubiri Jumamosi na Jumapili asubuhi. Ukilazimika kwenda jimu siku ya kazi, anza na mazito, malizia na mepesi, robo saa ya mwisho iwe ya kushusha pumzi. Ukirudi oga maji ya uvuguvugu. Yanavuta damu kwenye ngozi na joto la ndani linapata njia ya kutoka. Punguza taa.

Kama una mtoto mchanga na usiku wako umekatika vipande, usiongeze kengele ya alfajiri juu yake. Tafuta dakika 10 mara tatu kwa siku, yeyote anayeweza kukushikia mtoto akushikie.

Kama ni muuguzi au mlinzi wa zamu ya usiku, kwako "usiku" ni asubuhi. Saa zile 4 zihesabu kutoka muda unaofunga pazia, hata kama ni saa 3 asubuhi. Zoezi kali lifanye ukiamka mchana, kabla ya kuingia zamu.

Kama bado hujui, jaribu kila wakati wiki mbili. Andika mambo matatu kila asubuhi: ulizima taa saa ngapi, ulichukua muda gani kuzama, na uliamkaje. Jaribio la Julai lirudie Oktoba, maana Dodoma ni miji miwili kwa upande wa joto. Mimi nilifanya hivyo na nikaishia kuchanganya: Jumanne na Alhamisi vyuma saa 11 jioni, na siku tatu alfajiri natembea na yule mama hadi jua litoke. Saa 3:45 nazima taa. Siku kikao kikinishika hadi saa 1, vyuma nimevisamehe, natembea mtaani na kurudi.

Na kama umeacha mazoezi ya usiku, umeacha kahawa, umepunguza taa, na bado siku tatu au zaidi kwa wiki hulali, kwa miezi mitatu mfululizo, au watu wa nyumbani wanasema unakoroma hadi pumzi inakatika, usiendelee kuhamisha saa ya mazoezi. Nenda hospitali, mweleze daktari kuhusu usingizi wenyewe.